Pembe za Baba Mkwe

Mtaani walimwita Bwana Dunia. Jina alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, na halikuwa jina la heshima.

Kazi yake ilikuwa kuuza vigae. Alisimama kutwa nzima katika duka refu lenye mwangwi, kati ya vigae vya jikoni na vigae vya bafuni, akiwaambia watu kwamba cheupe huonyesha uchafu na cheusi huonyesha chokaa. Aliijua kazi hiyo. Shida, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba hakuzaliwa kuuza vigae. Alizaliwa kuandika kitabu.

Kitabu kilikuwa kikubwa. Kilikuwa na falme, milima, vita vya zamani na vita vya zamani zaidi. Kilichokosekana ni kitabu.

Huwezi kuandika hivi hivi tu, alieleza. Kwanza dunia isimame. Na kusimamisha dunia kunataka vyombo. Kwa hiyo alikuwa na programu ya kuchora ramani, iliyojua kuteremsha mito kutoka milimani bila kuulizwa. Alikuwa na programu ya kupanga wahusika, kila mmoja na kadi yake: jina, umri, kovu liko wapi, anaogopa nini. Alikuwa na ubao wa kuchorea, na kalamu yake isiyotoa wino. Alikuwa pia na programu ya kuandikia, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba ilifuta kila kitu kwenye kioo cha kompyuta ikamwachia mtu ukurasa mweupe, asivurugwe mawazo. Hiyo aliifungua mara moja. Akauona ule weupe. Akaifunga. Alisema bado haijakaa sawa, anasubiri toleo jipya.

Vyote hivi vilikaa kwenye kona ya sebule, juu ya meza ambayo zamani mkewe alipigia nguo pasi. Sasa mkewe alipiga pasi kitandani.

Mke huyu aliuza dawa katika duka la dawa lenye foleni, akirudi jioni miguu imevimba. Mwanzoni alikuwa anamuuliza.

“Leo umeandika?”

“Leo nimeweka pepo.”

“Umeingiza mashetani ndani ya nyumba yangu?”

“Pepo za kuvuma. Za bahari ya kaskazini. Kila moja na jina lake.”

“Na watu?”

“Watu baadaye.”

Miaka ikaenda. Mke akaacha kuuliza, kama watu wanavyoacha kuulizia mgonjwa asiyepona wala kufa.

Baba mkwe alikuwa fundi makufuli. Mtu wa maneno machache, nyusi nene, jino moja la mbele limetoka nje likiulalia mdomo wa chini. Jumapili watoto wake walikwenda kula kwake, na wakwe nao, maana hakukuwa na njia ya kukwepa. Jumapili moja Bwana Dunia alishikwa na mzuka wa kueleza. Alieleza falme. Akaeleza sarafu za kila ufalme, na upande upi una kichwa cha nani. Akaeleza kwa nini milima ya mashariki haina theluji. Chakula kikapoa. Baba mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine, kisha akajifuta mdomo.

“Kufuli zuri,” akasema. “Mlango uko wapi?”

Shemeji alilazimika kuinuka mezani akacheke nje.

Bwana Dunia alirudi nyumbani, akakaa kwenye kona yake, akashika kalamu. Dunia yake ilikuwa na kinamasi kisicho na mwenyeji. Siku hiyo kilipata. Lilikuwa zimwi kubwa lenye pembe na magamba, linalokula majina ya wapita njia, na lilikuwa na sura ya baba mkwe.

Hapa pana jambo la kumsema vizuri. Hakuwa mchoraji. Alipojaribu kumchora mkewe alikwama puani. Mama yake mzazi alimwacha hana masikio, akisubiri brashi inayofaa masikio. Lakini baba mkwe alimchora. Kila Jumapili alikaa mbele yake, akamtazama akitafuna, na kila jioni akarudi na mkunjo mpya wa jicho, au namna shavu la kushoto linavyolegea kuliko la kulia. Wakweze waliona amekuwa msikivu. Mkewe alifurahi. “Siku hizi mnaelewana na baba,” alimwambia njiani. Akajibu, “Namsoma.”

Zimwi likapendeza. Zimwi lilikuwa kitu pekee katika dunia ile nzima kilichofanana na kitu.

Kisha mzee akafa. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Mama mkwe hakulia sana mbele ya watu. Aliendelea kulala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, ingawa sasa kitanda chote kilikuwa chake. Aliendelea kuinua sauti anapoongea, kwa kuwa mzee alikuwa hasikii vizuri. Watu wakampa pole, wakarudi makwao, wakawa na shughuli.

Jioni moja mke wa Bwana Dunia alirudi kutoka kwa mama yake, hakuvua hata viatu.

“Mama anasema sura ya baba inampotea,” akasema. “Mikono anaiona. Sauti anaisikia. Uso unakwenda.”

“Si kuna picha?”

“Picha gani? Ya kitambulisho, amekaa kama mtu aliyekamatwa? Au ile ya harusi ya kaka, bega la mpishi limemfunika mpaka hapa?” Akajishika juu ya pua.

Bwana Dunia alitazama chini. Alijua linalokuja.

“Una kalamu. Una ubao. Una hayo maprogramu yako, sijui yanafanya nini. Jumapili ijayo tunakutana wote kwa mama. Nichoree baba.”

“Picha ya uso si mchezo, mke wangu. Kuna mwanga, kuna—”

“Sikutaka dunia,” mke akasema. Hakupandisha sauti. “Nimekaa na dunia yako miaka yote hii, napiga pasi kitandani. Nataka uso mmoja, uishe. Usipoumaliza huu, sitakuomba tena kitu. Chochote. Nitaishi humu kama mpangaji.”

Akaingia jikoni, akawasha maji.

Bwana Dunia alianza kwa kutafuta vyombo. Alipata brashi maalumu za ngozi ya wazee, akazipakua. Akaangalia somo refu la kijana mmoja mwenye sauti tamu, aliyeeleza kwamba uso ni mayai matatu. Akachora mayai matatu. Akafungua picha ya kitambulisho, akaifuata mstari kwa mstari, na kila alipomaliza alikuwa na mtu aliyekamatwa. Alhamisi alikuwa na watu kadhaa waliokamatwa. Ijumaa alianza kumwambia mkewe habari za mwanga. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja nguo.

Jumamosi asubuhi, mke akiwa kazini, Bwana Dunia alifungua folda ya kinamasi.

Mzee alikuwa humo. Mzima. Jino, nyusi, shavu lililolegea, na lile jicho la kumtazama mkwe.

Wanaochora kwa kompyuta hawachori juu ya karatasi moja. Huchora kama juu ya vipande vya kioo vilivyopangana, uso kipande hiki, nywele kipande kile, mawingu kipande kingine. Huita leya. Pembeni ya kila leya kuna jicho dogo. Ukilibonyeza linafumba, na leya ile inajificha, ingawa bado ipo. Bwana Dunia akabonyeza. Pembe zikafumba. Magamba yakafumba. Matope yakafumba, na kucha, na moshi wa kichwani. Mzee akabaki peke yake, kifua wazi, rangi ya kijani kidogo. Akamvisha shati lenye kola. Akampa rangi ya mtu.

Mkewe aliporudi mchana alimwita. Mke akasimama nyuma ya kiti, mkoba bado begani. Kisha akaweka kiganja kwenye kioo, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa marufuku, akakiacha pale shavuni kwa baba yake.

“Umeupata wapi?”

“Nimeuchora.”

“Lini?”

“Nilikuwa nauchora kidogo kidogo.”

Mke alikishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakibana tumboni, akalia juu yake. Bwana Dunia aliipokea shukrani hiyo kama mtu anayepokea mzigo usio wake stendi, haraka, kabla mwenyewe hajatokea.

Sasa hapo palibaki jambo dogo. Katika programu ile kuna kitufe cha mwisho. Ukikibonyeza, vioo vyote vinagandamizwa vinakuwa picha moja, kinachoonekana kinabaki na kilichofichwa kinatupwa. Ndivyo kazi inavyotolewa nje. Bwana Dunia aliijua programu ile kama mfuko wake. Alijua vitufe ambavyo waliovitengeneza wameshavisahau. Hicho hakukijua. Hakuwahi kukihitaji, maana hakuwahi kumaliza kitu.

Akalituma faili zima kwa fundi wa mabango alichape, kama lilivyo, vioo vyote ndani.

Fundi alilifungua kwenye mashine yake. Ilikuwa programu nyingine, isiyojua habari za macho kufumba. Macho yote yakafumbuka. Fundi akaona mzee mwenye pembe, amevaa shati la kola, moshi unamtoka kichwani. Hakuuliza. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemchapia mwenye bucha mbuzi aliyevaa miwani ya jua. Akachapa kwenye turubai, kubwa, akatia fremu, akafunga kwa karatasi ya kaki. Shemeji akapita na lori jioni, akabeba.

Jumapili wakajaa sebuleni kwa mama mkwe. Kitu kilichofungwa kilisimamishwa juu ya kiti cha mzee.

“Bwana Dunia amemaliza kitu,” shemeji akawaambia watu. “Naomba tukumbuke tumekaa wapi, watakuja kutuuliza.”

“Nyamaza wewe,” dada yake akasema, lakini alikuwa anacheka. Alikuwa amevaa gauni zuri. Alimshika mumewe mkono mbele ya watu.

Bwana Dunia akasimama, akakohoa. Alisema kwamba sanaa si mkono, sanaa ni jicho. Alisema wengi hutazama lakini wachache huona. Alikuwa anaelekea kwenye mwanga mama mkwe alipoanza kuchana karatasi.

Alichana kuanzia chini. Likaonekana shati. “Kola imenyooka,” akasema. “Alikuwa hapendi kola iliyolala.” Kikaonekana kidevu. Likaonekana jino, na hapo mkono ukasita. Akachana shavu, akachana macho, taratibu, kama anamfunua mtu aliyelala. Akachana paji la uso. Kisha akachana sehemu iliyobaki.

Shangazi mmoja alivuta kanga akajifunika mdomo.

Shemeji, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikosa. Yule alikuwa baba yake.

“Shemeji,” akasema hatimaye, kwa upole uliotisha. “Hizo ni nini?”

“Leya.”

“Leya ndiyo nini?”

“Ilikuwa imefumba jicho.”

“Nani alifumba jicho?”

“Pembe.”

“Pembe zilifumba jicho.”

“Na magamba. Yote yalikuwa yamefumba. Nadhani ni toleo la programu yao, la zamani—”

Mkewe aliachia mkono wake. Aliutazama uso ule, kisha pembe, kisha uso. Alikuwa mtu wa kusoma dozi kwenye maandishi ya madaktari, kusoma hili hakukumchukua muda.

“Kidogo kidogo,” akasema. “Ndivyo ulivyoniambia. Tangu lini?”

Bwana Dunia akatazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vya kahawia, aliviuza yeye.

“Tangu lile neno la mlango.”

“Baba alikuwa anakupakulia nyama. Mkono wake mwenyewe. Na wewe umekaa unamhesabia mikunjo.”

Akachukua mkoba wake juu ya kabati. Hakwenda nje. Alisimama nao pale pale, na mumewe alijua kwamba akitoka na mkoba ule, hata wakirudi nyumba moja, anarudi na mpangaji.

Mama mkwe ndiye peke yake ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye picha. Alisogea. Aligusa jino.

“Hili limemeguka kwa ndani,” akasema, kwa ile sauti yake ya juu. “Nani alikwambia?”

“Niliona, mama.”

“Hawa wanawe hawajui.”

Shemeji akalisogelea jino, akalitazama.

“Pembe sizijui,” akaendelea. “Jino nalijua. Jicho hili nalijua, ndivyo alivyokuwa anamwangalia mtu akichelewesha chumvi. Sasa niambie. Huyu ni nani?”

“Ni zimwi, mama.”

“La wapi?”

“La kinamasi. Kiko kusini mwa ufalme wa tatu, mahali ambapo mito miwili—”

“Linafanya nini?”

“Linakula majina ya wapita njia.”

“Anakula,” mama mkwe akasema.

“Mama?”

“Mimi nimekosea, na wewe unanifuata. Ana jino la mume wangu huyu. Si kitu. Sema anakula.”

“Anakula majina ya wapita njia.”

“Halafu?”

Bwana Dunia akafungua mdomo. Alijua kina cha kinamasi kile. Alijua majani yake, na ugonjwa wa mbu wake, na mfalme gani alijaribu kukikausha akashindwa. Kadi ya zimwi ilikuwa imejaa pande zote. Ilikuwa na nafasi ya kovu, nafasi ya silaha, nafasi ya anaogopa nini. Nafasi ya halafu haikuwepo. Hakuna programu hata moja, kati ya zote alizokesha akizisifu, iliyowahi kumuuliza halafu.

“Kinamasi chenyewe,” akasema, “kilitokana na tetemeko—”

“Sikuuliza kinamasi. Nimeuliza halafu.”

“Mama, achana naye,” shemeji akasema. “Hebu niitoe hii nje.”

“Kaa chini.”

“Mama, ametudharau.”

“Kaa. Huyu mmenionyesha nyinyi. Uso wake mzima, mpaka jino. Mnataka nimwache amesimama kwenye matope?”

Shemeji akakaa.

“Mjibu mama,” mke akasema. Alikuwa bado ameshika mkoba.

Jasho lilimtoka Bwana Dunia mahali ambapo hakujua mtu hutoka jasho.

“Halafu anatoka,” akasema.

“Anatoka kwenye matope?”

“Ndiyo.”

“Anakwenda wapi?”

“Anakwenda nyumbani.”

“Ana nyumba?”

Hakuwa nayo. Katika dunia nzima, pamoja na majumba yote ya wafalme, hakuwa ameweka nyumba moja ya mtu kukaa.

“Anayo,” akasema. “Ndogo. Anafika, anafuta miguu—”

“Hafuti,” mama mkwe akasema.

“Hafuti?”

“Hajafuta hata siku moja. Anaingia nayo mpaka chumbani, na wewe unafuata nyuma na kitambaa.”

“Basi anaingia nayo.”

“Enhe.”

“Anamkuta mke wake amekaa.”

“Anafanya nini mkewe?”

“Anamngoja.”

Mama mkwe alilifikiria hilo. “Hamngoji,” akasema. “Ana kazi zake. Lakini amesikia mlango.”

“Amesikia mlango,” Bwana Dunia akasema.

Shangazi alishusha kanga mdomoni. Shemeji alikuwa amekunja mikono, anatazama dirishani, lakini sikio lake lilikuwa ndani ya chumba, na mwisho likamshinda.

“Na hizo pembe?” akauliza. “Mlangoni zinapitaje?”

Kabla Bwana Dunia hajajibu, mama mkwe akasema, “Atainama. Alikuwa anajua kuinama akitaka. Nyinyi hamkuwahi kumwona, mlikuwa mmelala.”

Mke wa Bwana Dunia aliweka mkoba sakafuni, katikati ya miguu, kama mtu anayekaa kituoni.

“Halafu?” mama mkwe akasema.

Ilimchukua Bwana Dunia mchana wote, na hata hivyo zimwi halikuvuka korido. Kila hatua ilirekebishwa. Alipolikohoza, aliambiwa halikohoi hivyo. Alipolitia mdomoni maneno mengi alinyang’anywa. Mwenye ramani ya bahari tano alishindwa kumfikisha mzee mmoja kitandani, na alipoondoka koo lilikuwa limemkauka kama amehutubia uwanja.

Baadaye walichapa picha nyingine, isiyo na pembe. Mkewe alikwenda mwenyewe kwa fundi wa mabango, akasimama nyuma yake mpaka kila jicho lilipofumba. Ilitundikwa sebuleni, wageni wakaisifu. Ile yenye pembe mama mkwe aliipeleka chumbani, akafunga mlango.

Mke hakumsamehe mumewe. Aliahirisha.

Siku moja katikati ya wiki alirudi kazini akamkuta kwenye kona yake, mgongo umepinda, macho kwenye kioo.

“Unafanya nini?”

“Natafuta programu,” Bwana Dunia akasema. “Ipo moja nzuri sana, ya kupanga matukio. Unaweka tukio hapa, linafuata hapa, yanaungana kwa mishale. Ingenisaidia kwa mama.”

Mke aliinama chini ya meza akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi.

“Mama anakusubiri Jumapili,” akasema. “Amemwacha mumewe koridoni na miguu ya matope. Nenda na mdomo.”

Kisha akaondoa kompyuta, akaondoa ubao, akaviweka sakafuni, akatandika shuka juu ya meza na kuwasha pasi.